Kufunga Redio ya Gari kwa Mkono Wako: Waya Mmoja Waweza Kukuponza

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee waliitunga methali hii wakifikiria nyumba za udongo, lakini koplo mmoja wa polisi hapa Kampala aliifahamu maana yake kwa sababu ya waya mmoja mwembamba uliofichwa nyuma ya redio ya gari lake.

Koplo huyo, ambaye jina lake hatutalitaja, aliweka akiba kwa muda mrefu hata akanunua Toyota iliyotumika, iliyoletwa kutoka Japani. Gari lilikuwa zuri, injini tulivu, lakini redio yake haikuweza kupata stesheni nyingi anazozipenda. Akalipeleka kwa fundi wa kando ya barabara. Kwa muda usiotimia saa moja, fundi alikata plagi ya zamani, akasokota nyaya, akazifunga kwa tepu nyeusi, na redio mpya ikaimba. Koplo akalipa, akaenda zake akiwa na furaha.

Wiki ya tatu, Ijumaa jioni, alirudi kambini kutoka kazini, akabonyeza kitufe cha kuzima redio, akachomoa ufunguo na kulifunika gari lake. Hakulitumia tena hadi usiku wa kuamkia Jumanne. Saa nane za usiku mtoto wake wa pili alipandwa na homa kali, akaanza kutetemeka. Koplo alikimbilia gari. Akatia ufunguo, akauzungusha. Hakusikia ila mlio mdogo kama wa kalamu iliyoanguka mezani. Akabisha hodi kwa jirani yake.

“Afande sajini, niwie radhi kwa kukuamsha. Gari limekataa kuwaka na mtoto ana hali mbaya.”

“Tulisukume basi.”

“Hili halisukumiki, afande. Ni otomatiki.”

Maneno hayo yalikuwa kweli. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa kama lile la gia za mkono. Mama wa mtoto alipakiwa kwenye pikipiki ya sajini, mtoto akiwa amefungwa mgongoni, na baba akabaki amesimama kando ya gari lake jipya. Kwa bahati njema mtoto alitibiwa, akapona. Lakini asubuhi yake sajini, ambaye amefanya kazi ya mitambo ya mawasiliano kwa miaka mingi, alimwambia koplo: “Lete bisibisi. Tumtafute mwizi wa umeme.”

Mwizi alipatikana kabla ya chai ya saa nne. Waya wa manjano na waya mwekundu wa redio vilikuwa vimesokotwa pamoja na kuunganishwa kwenye waya mmoja wa betri. Maana ya kosa hilo, na njia ya kuliepuka, ndiyo habari tunayotaka kuieleza katika makala haya, kwa sababu maaskari wengi sasa wana magari yao wenyewe, na wengi wao hupenda kubadilisha redio. Kazi hii si ya uchawi. Mtu mwenye subira, mita ya kupimia umeme na nusu siku ya mapumziko anaweza kuifanya vizuri kuliko fundi mwenye haraka.

KAZI YENYE HISTORIA NDEFU

Kuweka redio katika gari ambalo halikutengenezwa nayo ni jambo la zamani. Mwaka 1930 huko Marekani, Paul Galvin na nduguye Joseph walitengeneza redio ya gari iliyoweza kuuzwa kwa watu wengi, wakaipa jina la Motorola. Siku hizo kuifunga ilikuwa kazi nzito, kwani ilikuwa na betri zake za ziada, na spika yake ilitengwa na mtambo wenyewe. Mwaka 1952 kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ikatoa redio ya gari yenye masafa ya FM. Mwaka 1963 Philips ikaleta kaseti ndogo, ambayo baadaye iliingia katika magari ya dunia nzima. Leo redio ya gari husoma nyimbo kutoka kwenye flashi na hupokea simu kwa Bluetooth, lakini mahitaji yake ya msingi ni yale yale: umeme ulio safi, ethi iliyo imara, spika na eriali.

KWA NINI REDIO YA JAPANI NI KIZIWI HAPA KWETU?

Wengi hudhani kwamba redio iliyokuja na gari kutoka Japani imeharibika. Sivyo. Redio hiyo ni nzima, ila ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Japani ilitenga masafa ya FM kutoka megahezi 76 hadi 90. Sehemu iliyo juu yake, kutoka 90 hadi 108, ilitumiwa na stesheni za televisheni za chaneli ya 1 hadi ya 3. Televisheni za mtindo huo wa zamani zilizimwa katika sehemu kubwa ya Japani mwezi Julai mwaka 2011, na tangu mwishoni mwa mwaka 2014 FM ya huko ilianza kupanuliwa hadi megahezi 95. Hapa Uganda, kama ilivyo katika nchi jirani, FM huanzia megahezi 87.5 na kuishia 108.

Kwa hiyo redio ya Japani na matangazo yetu hukutana mahali padogo tu. Aliye Kampala anaweza kusikia Sanyu kwenye 88.2 na CBS kwenye 88.8, lakini hawezi kupata Capital kwenye 91.3 wala Simba kwenye 97.3. Si kosa la eriali, wala si kosa la fundi.

Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kijisanduku kidogo kinachowekwa baina ya eriali na redio, ambacho huteremsha masafa. Kikiteremsha kwa megahezi 16, stesheni ya 97.3 itaonekana kwenye 81.3. Tiba hii ni ya bei nafuu, lakini sauti aghalabu hupungua usafi, na stesheni zenye nguvu huweza kuingiliana. Ya pili ni kubadilisha redio yenyewe. Hii ndiyo tunayoizungumzia.

KUCHAGUA REDIO

Kabla ya kutoa fedha, pima nafasi iliyo katika dashibodi. Redio ndogo ya kawaida ina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Redio ya kimo mara mbili ina milimita 180 kwa 100. Toyota nyingi zina nafasi yenye upana wa milimita 200, na hivyo redio ya milimita 180 itaacha mwanya wa milimita 10 kila upande. Mwanya huo huzibwa kwa vibao vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Pima pia kina, maana redio ikiwa ndefu itabana nyaya zilizo nyuma yake.

Jambo la pili ni masafa. Redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huruka hatua ya megahezi 0.2, na husimama kwenye namba za witiri tu: 87.9, 88.1, 88.3 na kuendelea. Redio hiyo itaipata 91.3, bali itaipita 88.2 na 88.8 kana kwamba hazipo. Redio nyingi zina mahali pa kuchagua eneo. Ukichagua Ulaya, hatua zitakuwa fupi na stesheni zote zitapatikana. Muulize muuzaji akuonyeshe kabla hujalipa.

Jambo la tatu ni nguvu. Juu ya kasha huandikwa kwa herufi kubwa “wati 50 mara 4”, yaani wati 200. Tutumie hesabu ndogo ya darasani. Gari likiwa linanguruma, umeme wake hufika kama volti 14.4. Fyuzi ya redio aghalabu ni ya ampea 10. Volti 14.4 mara ampea 10 ni wati 144, na sehemu ya umeme huo hupotea kwa kuwa joto. Wati 200 za kudumu zitatoka wapi? Kwa spika ya kawaida ya omu 4, redio isiyo na kikuza sauti cha pembeni haiwezi kutoa kwa mfululizo, sauti ikiwa safi, zaidi ya wati 26 kwa kila spika hata kama ingekuwa kamilifu, na kwa kweli hutoa pungufu ya hapo. Zile 50 ni kilele cha kitambo kidogo. Usilipe bei ya ziada kwa ajili ya namba iliyochorwa kwenye kasha.

Jambo la nne lawahusu hasa wasomaji wetu walinzi wa sheria. Redio za magari huibwa sana, na redio ya wizi huuzwa rahisi. Dai risiti yenye jina la duka, na andika katika daftari lako namba ya mtambo iliyobandikwa kwenye ubavu wa redio. Askari anayekamata wezi mchana hawezi kuwa mteja wao jioni. Na siku yako ikiibwa, namba hiyo ndiyo itakayoithibitisha kuwa yako.

VIFAA VYA KAZI

Hivi ndivyo vifaa vinavyohitajika: spana namba 10, bisibisi ya nyota na ya bapa, koleo ya kukatia na kumenyea nyaya, mita ya kupimia volti na omu, chuma cha kulehemu pamoja na risasi yake, au viungo vya kubana kwa koleo, tepu ya umeme iliyo nzuri, kipande cha plastiki au cha mti kilicholainishwa, cha kubandulia dashibodi bila kuikwaruza, na betri moja ndogo ya tochi ya volti 1.5, ambayo kazi yake tutaieleza.

Kitu muhimu kuliko vyote ni plagi ya kuunganishia, yaani kipande cha nyaya chenye plagi inayoingia katika plagi ya asili ya gari. Zinapatikana katika maduka ya vipuri, kwa mfano kule soko la Kisekka, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya redio. Ukiwa nayo hutakata waya hata mmoja wa gari. Siku utakapoliuza gari, au utakapotaka kurudisha redio ya zamani, utachomoa tu. Yule fundi wa koplo alikata plagi ya asili kwa mkasi, na ndiyo maana kazi ya kusahihisha ilichukua siku nzima.

KAZI YENYEWE

Kwanza, egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, chomoa ufunguo. Legeza kichwa hasi cha betri kwa spana namba 10, ukiweke kando kisiguse kitu. Ngoja dakika mbili au tatu. Magari ya kisasa yana mifuko ya hewa ya usalama inayofumuka wakati wa ajali, na mitambo yake huhifadhi umeme kwa kitambo baada ya betri kutengwa. Toyota huagiza kungoja si chini ya sekunde 90. Ukikuta nyuma ya dashibodi plagi za rangi ya manjano zilizofunikwa kwa mpira wa manjano, hizo ni za mifuko hiyo. Usizipime kwa mita, usizichomoe, usiziguse.

Pili, bandua pambo la dashibodi taratibu ukianzia pembeni. Klipsi zake huachia moja moja, na ukikuta inakataa, tafuta skrubu iliyofichika kabla ya kutumia nguvu. Kisha fungua skrubu zinazoshika redio, ivute mbele, uchomoe plagi zake na waya wa eriali. Weka skrubu zote katika kikombe.

Tatu, tambua nyaya. Hapa ndipo wengi huanguka, nasi tutakaa hapa kidogo.

RANGI ZINADANGANYA

Redio zinazouzwa madukani karibu zote hufuata rangi hizi. Waya wa manjano hupokea umeme wa betri wakati wote. Mwekundu hupokea umeme wakati ufunguo umewashwa tu. Mweusi ni wa ethi. Wa buluu hupeleka umeme kwenye eriali. Wa machungwa ni wa taa. Mweupe ni wa spika ya mbele kushoto, wa kijivu ni wa mbele kulia, wa kijani ni wa nyuma kushoto na wa zambarau ni wa nyuma kulia. Kila waya wa spika una mwenzake wa rangi ile ile wenye mstari mweusi, na huyo ndiye hasi.

Je, rangi hizo ndizo zilizomo katika gari? Hapana. Katika Toyota nyingi, umeme wa betri wa wakati wote hupita katika waya wa buluu wenye mstari wa manjano. Umeme wa ufunguo hupita katika waya wa kijivu. Ethi ni waya wa kahawia. Tena, na hapa sikiliza vizuri, waya mwekundu ni chanya ya spika ya nyuma kulia, mweusi ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, na wa manjano ni hasi yake. Mtu akiunganisha mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi na wa manjano kwa wa manjano, akidhani ametenda haki, atakuwa ameunganisha njia za umeme za redio na spika za nyuma. Redio itakaa kimya. Na akianza kubahatisha, huku akipeleka umeme wa betri hapa na pale, atachoma ama spika ama redio.

Kwa hiyo usiiamini rangi. Amini mita. Ukiwa umehakikisha kwamba nyaya zote zimetengana, rudisha kichwa cha betri kwa muda. Weka mita kwenye volti, ncha yake nyeusi iguse chuma kitupu cha bodi ya gari. Waya unaoonyesha volti 12 hali ufunguo umechomolewa ndio wa wakati wote. Waya unaoonyesha volti 12 pale tu ufunguo ufikapo hatua ya kwanza ndio wa ufunguo. Waya unaopata umeme taa ndogo zinapowashwa ni wa taa. Tenga tena betri, weka mita kwenye omu. Waya unaoonyesha karibu sifuri kati yake na bodi ndio wa ethi. Kila utambuapo waya, uandike kwenye karatasi na kuufunga kipande cha karatasi chenye jina lake.

Spika hutambuliwa kwa betri ya tochi. Gusisha nyaya mbili za spika kwenye betri hiyo kwa kitambo kifupi sana. Spika itatoa mlio wa “tik”, nawe utajua ni ya mlango upi. Ukiuona uso wake ukisukumwa nje, basi waya uliogusa upande chanya wa betri ndio chanya ya spika. Jambo hili si la urembo. Spika mbili zikiwa zimeunganishwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na mdundo wote mzito wa ngoma hupotea.

Zingatia pia kwamba hasi ya spika si ethi. Magari ya zamani sana yaliweza kuchangia ethi kwa spika, lakini redio za leo huendesha nyaya zote mbili za spika. Hasi ya spika ikigusa bodi ya gari, redio huweza kuungua papo hapo.

WAYA WA MANJANO NA WAYA MWEKUNDU

Sasa turejee kwa koplo wetu. Waya wa manjano huleta umeme mkuu wa redio, tena huhifadhi saa na stesheni ulizozichagua. Waya mwekundu kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango: huiambia redio kwamba mwenye gari yupo, amka, au ameondoka, lala. Fundi alipouunganisha mwekundu na wa manjano, redio haikuambiwa kamwe kwamba mwenyewe ameondoka. Koplo aliizima kwa kitufe, kioo kikawa giza, lakini ndani yake mtambo ulibaki macho.

Sajini alipoweka mita, aliona redio ile ikila nusu ampea mchana na usiku. Tangu Ijumaa saa moja jioni hadi saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne ni saa 79. Nusu ampea mara saa 79 ni kama ampea-saa 40. Betri ya gari lile ilikuwa ya ampea-saa 45 ilipokuwa mpya, nayo haikuwa mpya. Hesabu ikajieleza yenyewe.

Vipi ukikosea kwa namna nyingine, yaani ukabadilishana nafasi za nyaya hizo mbili? Redio itafanya kazi, ila kila uchomoapo ufunguo itasahau saa na stesheni zote. Ukiona dalili hiyo, usimlaumu mtengenezaji. Badilisha nyaya.

KUUNGANISHA NA KUJARIBU

Unganisha nyaya za redio na za plagi ya kuunganishia ukiwa umekaa mezani, si ukiwa umeinama chini ya usukani. Lehemu kila kiungo, au kibane kwa kiungo cha koleo, kisha ukifunike chote. Kusokota na kufunga tepu peke yake hakutoshi, kwa sababu gari hutikisika na joto la dashibodi hulegeza gundi ya tepu. Viungo visikae pamoja mahali pamoja. Vipishane, ili hata kimoja kikifunuka kisimguse jirani yake. Usiuache waya wa buluu: Toyota nyingi zina kikuza masafa cha eriali kinachohitaji umeme huo, na bila huo FM itakuwa na mkwaruzo hata ukiwa chini ya mnara.

Chomeka plagi, rudisha betri, jaribu kabla ya kufunga skrubu. Peleka sauti kushoto, kulia, mbele na nyuma, uhakikishe kila spika inaitika zamu yake. Chomoa ufunguo, uone kama redio inalala yenyewe. Halafu fanya kipimo cha mwisho, ambacho mafundi wenye haraka hawakifanyi: milango ikiwa imefungwa na kila kitu kimezimwa, weka mita kwenye ampea 10, uiunge baina ya kichwa hasi cha betri na waya wake. Usiwashe injini wakati mita iko hapo. Baada ya dakika kadhaa gari zima lisile zaidi ya miliampea 50. Likila zaidi, kuna mwizi bado.

Ndipo ufunge skrubu, ukiangalia kwamba hakuna waya uliobanwa baina ya redio na chuma.

FYUZI SI ADUI

Fyuzi ikikatika, imekutumikia. Imekufa badala ya gari. Fyuzi ya ampea 10 irudishiwe ya ampea 10. Wapo wanaotia ya ampea 30, na wapo wanaozungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hao wameuondoa mlango na kumkaribisha moto. Joto katika waya huongezeka kwa mraba wa ampea: ampea zikiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Waya mwembamba uliofichwa ndani ya dashibodi, pamoja na plastiki na vitambaa, hauhitaji zaidi ya hapo kuwa kiberiti. Fyuzi ikikatika mara ya pili, simama, tafuta penye shoti.

MAGARI YA VOLTI 24

Malori mengi, na magari mengi ya kijeshi, hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano. Redio ya volti 12 ikiwekwa humo moja kwa moja itakufa kabla hujaisikia. Wajanja hutoa umeme kwenye betri moja tu. Ujanja huo hugharimu betri mbili: ile inayonyonywa haijai kamwe, na mwenzake hujazwa kupita kiasi hata maji yake yakakauka. Aliye na lori lake la kibiashara anunue kipunguza volti chenye uwezo wa kutoa ampea 10 au zaidi.

Nasi tunasema lori lake mwenyewe. Gari la serikali si mahali pa kujifunzia. Nyaya zake hubeba redio za mawasiliano na vyombo vingine ambavyo maisha ya wenzako hutegemea. Hitilafu ikitokea humo, ripoti kwa mkubwa wako, ukamwachie fundi aliyekabidhiwa.

NIDHAMU YA SAUTI

Redio zenye kioo cha picha huwa na waya mmoja wa ziada unaounganishwa na breki ya mkono, ili picha isionekane gari likiwa linakwenda. Wapo wanaoufunga waya huo kwenye ethi ili kuidanganya redio. Askari wa usalama barabarani ameona ajali za kutosha hata asihitaji kuambiwa kwa nini tunasema waya huo uunganishwe kama ulivyoagizwa. Hali kadhalika, sauti isizidi kiasi cha kukuzuia kusikia king’ora, honi au mtu anayekuita.

Koplo wetu aliifunga upya redio yake mwenyewe Jumapili iliyofuata, sajini akiwa amekaa kwenye kigoda akimtazama bila kumgusia kazi. Alipomaliza alipima: miliampea 20. Akalifunika gari. Usiku ule, mkewe anasema, aliamka saa nane, akatoka nje, akalitia ufunguo na kuliwasha, akalizima, kisha akarudi kulala. Amefanya hivyo mara nyingine mbili tangu hapo. Hatumcheki. Gari la baba mwenye watoto ni redio na starehe mchana, bali usiku ni gari la wagonjwa.